Mwalimu Kufutwa Kazi Nchini Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu TSC, Chama na Haki ya Kusikilizwa

Kila muhula wapo walimu wanaopokea barua kutoka kwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na wengi huharibu kesi yao kabla haijasikilizwa. Wengine hunyamaza, wengine hujibu kwa hasira, wengine huacha siku zipite wakidhani mambo yatapoa yenyewe. Majibu haya yanamhusu kwanza mwalimu wa shule ya umma aliyeajiriwa na TSC. Walimu wa bodi (walioajiriwa na bodi ya shule, si TSC), wa shule za kibinafsi na walio kwenye majaribio wasome pia maswali ya 17 na 18. Mwenye kesi nzito amwone wakili au ofisi ya chama mapema, kwa sababu mengi yaliyo hapa yana tarehe za mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Utaratibu wa haki ni nini hasa?

Mwalimu aambiwe kosa lake kwa maneno yanayoeleweka. Aonyeshwe ushahidi ulioko. Asikilizwe na watu ambao hawajaamua kesi kabla ya kuingia chumbani. Kisha apewe uamuzi kwa maandishi, ukiwa na sababu na maelezo ya mahali pa kulalamika. Hakuna popote katika hayo panaposema mwalimu asifutwe. Mwenye hatia hufutwa, ila baada ya kusikilizwa.

Haki hii imejengwa juu ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 236 kinakataza mtumishi wa umma kuonewa au kufutwa bila utaratibu wa sheria. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali na ya busara, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki zake zinapoguswa. Kifungu cha 41 kinalinda haki za wafanyakazi, ikiwemo kujiunga na chama na kugoma. Chini yake kuna Sheria ya Ajira ya 2007, Sheria ya TSC ya 2012, na Kanuni za TSC kwa Walimu za 2015, ambazo ndizo zinazotumika kila siku kwenye kesi za nidhamu.

2. Mwalimu mkuu anaweza kunifuta?

Hapana. Kifungu cha 237 cha Katiba kinaipa TSC kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwaachisha kazi. Mwalimu mkuu anaweza kukuandikia barua ya kujieleza na kupeleka ripoti. Bodi ya usimamizi ya shule inaweza kuchunguza malalamiko na, kwa niaba ya TSC, kukusimamisha kwa muda. Neno la kukufuta halitoki shuleni.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwalimu akiambiwa kwa mdomo "kesho usirudi hapa" naye akatii akakaa nyumbani, baada ya wiki kadhaa faili lake litasema alitoroka kazi. Kutoroka kazi ni kosa linalothibitishwa kwa urahisi mno, kwa daftari la mahudhurio peke yake. Ukiambiwa maneno kama hayo, fika kazini kesho yake kama kawaida, tia sahihi, kisha omba amri hiyo kwa maandishi. Ukizuiwa langoni, nenda siku hiyo hiyo kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo ukaandikishe kwamba ulifika.

3. Kwa nini mwalimu apewe ulinzi huu wote?

Kwanza, si mwalimu peke yake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri yeyote, hata mwenye hoteli ndogo, kumweleza mfanyakazi sababu na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kwa utovu wa nidhamu.

Pili, walimu wa Kenya wana historia yao. Kabla ya mwaka 1967 waliajiriwa na mikono mingi: makanisa, mabaraza ya wilaya na bodi za shule. Masharti yalitofautiana, na kazi ya mtu ilitegemea aliyemsimamia. Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT) kilipoanzishwa Desemba 1957, kuwa na mwajiri mmoja kwa walimu wote ni dai kililolipigania tangu mwanzo. TSC yenyewe iliundwa mwaka 1967 baada ya msukumo huo. Vijana wengi wanaoichukia tume hawajui kwamba ni chama chao kilichoililia.

Tatu, kazi ya ualimu hukuweka katikati ya watu wengi wenye nguvu. Mtoto wa mjumbe wa bodi anaanguka mtihani. Mwalimu anauliza pesa za ujenzi zimekwenda wapi. Mzazi mwenye jina anataka fulani aondoke. Pasipokuwa na utaratibu, mwalimu hujifunza kunyamaza, na mwalimu aliyejifunza kunyamaza hawafai watoto.

4. Vyama ni vipi, na kwa nini nakatwa pesa hata kama si mwanachama?

KNUT kwa kawaida kina walimu wa shule za msingi, na KUPPET, kilichoundwa mwaka 1998, kina walimu wa sekondari na vyuo. KUSNET ni cha walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalum. Mwanachama hukatwa ada yake kwenye mshahara. Asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 iwapo ananufaika na mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi uliojadiliwa na chama. Ada hiyo ni ya manufaa ya mkataba. Haikufanyi mwanachama, na haikupi haki ya kudai wakili wa chama kesi ikikukuta.

## Barua inapofika

5. Kuna tofauti gani kati ya barua ya kujieleza na intadiksheni?

Barua ya kujieleza ni swali: umefanya hivi, una maelezo gani? Bado uko kazini na mshahara unaingia kamili. Kesi nyingi zingeishia hapo kama mwalimu angejibu kwa utulivu na kwa wakati.

Intadiksheni ni kusimamishwa kazi kwa muda ili kesi isikilizwe. Unakabidhi vitu vya shule, unaondoka kituoni, na unatakiwa kuripoti kwa ofisi ya TSC ya kaunti kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye barua. Kisheria wewe bado ni mwajiriwa na bado hujahukumiwa. Kijijini watu watasema umefutwa. Hujafutwa.

6. Nimepata intadiksheni leo. Nianzie wapi?

Andika tarehe uliyoipokea barua, kwenye barua yenyewe. Una siku 21 za kupeleka maelezo yako ya utetezi kwa TSC, na hizo ndizo siku muhimu kuliko zote zitakazofuata. Asiyepeleka maelezo huingia kwenye kikao akiwa na upande mmoja tu wa hadithi ndani ya faili.

Soma kosa neno kwa neno. Barua ikisema tu "utovu wa nidhamu" bila siku, mahali wala tendo, andika uombe ufafanuzi, lakini usiache saa ya siku 21 ikaendelea huku ukisubiri. Peleka utetezi wako na utaje ndani yake kwamba shtaka halieleweki.

Kusanya karatasi kabla hujasahau wala hazijapotea: nakala ya ratiba ya vipindi, daftari la mahudhurio, barua ya ruhusa, cheti cha hospitali, stakabadhi za pesa, ujumbe wa simu. Andika majina ya walioona. Kisha nenda kwa katibu wa tawi wa chama ukiwa na nakala, ubaki na barua halisi.

Yapo mawili ya kujizuia nayo. Usimpigie simu mlalamikaji, hata kwa nia ya kuomba radhi, hasa akiwa mwanafunzi au mzazi wake. Simu hiyo itasomwa kama vitisho au hongo. Na usiandike utetezi usiku ule ule uliopata barua. Hasira ya usiku mmoja imewaponza walimu wazuri.

7. Mshahara unakuwaje wakati huo?

Kwa kawaida unalipwa nusu hadi kesi iamuliwe. Yapo makosa ambayo kanuni haziruhusu hata hiyo nusu, kama vile kutoroka kazi, ubadhirifu wa pesa za umma na kughushi hati. Tume ikiona huna hatia na kufuta intadiksheni, unarudishiwa ulichokatwa.

Nusu mshahara ndiyo inayowamaliza walimu wengi kuliko shtaka lenyewe, kwa sababu mkopo wa benki na wa sako haujui intadiksheni. Ziandikie taasisi hizo mapema, ukiambatisha nakala ya barua, uombe mpango mwingine wa malipo. Kesi inapochelewa, mwalimu ana haki ya kuuliza kwa maandishi kwa nini: Kifungu cha 47 kinataka hatua ya kiutawala ifanywe upesi, na chama kinapaswa kuipigia TSC kelele juu ya hilo kuliko kinavyofanya sasa.

8. Nimeshauriwa nijiuzulu ili yaishe. Nikubali?

Usitie sahihi barua ya kujiuzulu mbele ya mtu anayekusubiri umalize. Ukijiuzulu unapoteza kazi na kikao pamoja, na kesho ukitaka kudai kwamba uliachishwa isivyo haki utaulizwa mbona uliondoka kwa hiari. Aliyekushauri akisema ni kwa faida yako, mwombe aandike ushauri huo. Mara nyingi hataandika.

## Siku ya kikao

9. Naweza kwenda na mtu?

Ndiyo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakuruhusu kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua wewe. Taja jina lake mapema na umpe nakala za faili lako lote. Mwakilishi aliyesoma faili kwenye gari akija hana msaada mkubwa.

Mtu huyo akiugua au asipofika, omba kikao kiahirishwe na uhakikishe ombi lako limeandikwa kwenye kumbukumbu. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inatambua haki ya kuomba kuahirishwa pale inapohitajika ili usikilizwe kwa haki. Usisusie kikao bila taarifa, maana kinaweza kuendelea bila wewe.

10. Naweza kuona ushahidi na kuwauliza mashahidi maswali?

Sheria hiyo ya 2015 inasema mtu atakayeathiriwa apewe taarifa na vielelezo vitakavyotumiwa dhidi yake, na apate nafasi ya kuwahoji wanaomshtaki. Kwa hiyo omba kwa maandishi: taarifa za mashahidi, ripoti ya uchunguzi wa bodi, na kumbukumbu za kikao cha bodi. Ukikataliwa, barua yako ya kuomba inageuka kuwa ushahidi kwenye rufaa.

Shahidi akiwa mtoto mambo hubadilika, na ni sawa yabadilike. Mtoto hapaswi kukaa ana kwa ana na mtu anayemwogopa na kuhojiwa kwa sauti ya juu. Maswali yanaweza kupitishwa kwa mwenyekiti wa kikao. Mwakilishi wa chama anayemfokea mtoto anaiharibu kesi ya mwalimu na jina la chama kwa pamoja.

11. Uamuzi unaweza kuwa upi?

Kufutwa kwa intadiksheni, onyo la maandishi, kusimamishwa bila mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kufidia pesa zilizopotea, kustaafishwa kwa maslahi ya umma, kufutwa kazi, au kufutwa kazi na jina kuondolewa kwenye sajili ya walimu.

Tofautisha hayo mawili ya mwisho. Aliyefutwa kazi akabaki kwenye sajili bado ni mwalimu kisheria na anaweza kufundisha kwingine. Aliyeondolewa kwenye sajili hana ruhusa ya kufundisha shule yoyote Kenya, ya umma wala ya kibinafsi, na jina lake huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.

## Chama kinaweza nini, na hakiwezi nini

12. Chama kinalazimika kumtetea kila mwanachama?

Kinalazimika kuhakikisha anasikilizwa. Hakilazimiki kusema hana hatia. Katibu wa tawi mzuri humwuliza mwalimu ukweli wote wakiwa wawili, kisha huenda kwenye kikao kuangalia mambo yafuatayo: shtaka limeandikwa sawasawa? Siku zimehesabiwa? Ushahidi umetolewa? Adhabu inalingana na kosa na zile walizopewa wengine? Anaweza kuyafanya yote hayo bila kusema uongo hata mmoja.

Chama kinachosimama hadharani na kumwita mwalimu "mtu safi" kabla ya kusoma faili kinajiumiza. Siku kitakapomtetea asiye na hatia, hakuna atakayekiamini.

13. Katibu wa tawi hashughulikii kesi yangu. Nifanyeje?

Acha kupiga simu, andika. Barua fupi kwa tawi, nakala kwa makao makuu ya chama jijini Nairobi, ukitaja tarehe ya kikao. Kama siku zinakwisha, endelea mwenyewe: maelezo ya utetezi hayahitaji sahihi ya chama, na mfanyakazi mwenzako anaweza kuketi nawe kikaoni (tazama swali la 9). Kukosa chama si sababu inayokubalika ya kuchelewesha utetezi.

Nguvu za chama nazo hupanda na kushuka. Baada ya hukumu ya Julai 2019 kuhusu mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021, TSC iliacha kuwalipa wanachama wa KNUT baadhi ya nyongeza zilizokuwa kwenye mkataba huo, na walimu kwa maelfu mengi wakahama chama. Matawi yalibaki bila pesa za kuendesha ofisi. Mwalimu aliyepata intadiksheni kipindi hicho alikuta ofisi ikiwa na mtu mmoja, au imefungwa. Anayehama chama kwa ajili ya nyongeza ya mshahara akumbuke kuuliza pia: siku ya kikao, nani atakaa nami?

14. Naweza kufutwa kwa sababu ya chama au mgomo?

Kuwa mwanachama, kugombea uongozi wa chama au kushiriki shughuli zake halali si sababu halali ya kumwachisha mtu. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema hivyo waziwazi. Mgomo una masharti. Mzozo uwe umepitia upatanisho ukashindikana, na notisi ya siku 7 itolewe kwa maandishi. Mgomo wa namna hiyo unalindwa, na mwajiri hawezi kukufuta kwa kushiriki. Mgomo uliozuiwa na mahakama haulindwi, na mwalimu anayebaki nje baada ya amri hiyo amejiweka hatarini hata kama viongozi wake wanaimba jukwaani.

## Baada ya uamuzi

15. Sikuridhika. Naanzia wapi?

Anza ndani ya TSC. Una siku 90 tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuomba Kamati ya Mapitio iangalie upya kesi yako. Eleza kosa la utaratibu au ushahidi mpya. Kurudia utetezi ule ule kwa herufi kubwa hakusaidii. Mahakama hutaka njia za ndani zitumike kwanza, kwa hiyo anayeruka hatua hii anaweza kurudishwa nyuma.

Ukishindwa hapo, nenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo wengi huiita mahakama ya leba. Dai la kuachishwa kazi isivyo haki lina ukomo wa miaka 3. Ni mirefu kwa macho, lakini mashahidi huhama na karatasi hupotea.

16. Mahakama huangalia nini, na inaweza kunipa nini?

Inauliza maswali mawili: palikuwa na sababu ya haki, na ulifuatwa utaratibu wa haki? Katika hukumu ya mwaka 2013 iliyohusu mwalimu na TSC, ambayo majaji wameinukuu mara nyingi tangu hapo, mahakama ilisema yote mawili lazima yawepo. Sababu nzuri haiponyi kikao kibovu. Mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha sababu yake.

Fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Kurudishwa kazini kunawezekana ndani ya miaka 3 tangu kufutwa, lakini ni kwa nadra, na mahakama hutazama kama uhusiano bado unaweza kufanya kazi. Ikiwa ulikosea kweli na tatizo lilikuwa utaratibu tu, mchango wako katika kosa hupunguza fidia. Mwambie wakili wako ukweli kuhusu hilo mapema.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mimi ni mwalimu wa bodi, wa shule ya kibinafsi au wa chekechea ya kaunti. Haya yananihusu?

Kamati ya Mapitio ya TSC haikuhusu katika ajira yako, kwa kuwa TSC si mwajiri wako. Sheria ya Ajira inakuhusu yote: kuelezwa sababu, kusikilizwa, kuwa na mtu wako, notisi, cheti cha utumishi, na mahakama ya leba. Mwalimu wa bodi humdai bodi, wa kibinafsi humdai mwenye shule, wa chekechea ya umma huidai serikali ya kaunti. Kukosa mkataba wa maandishi hakukuondolei haki. Hati za malipo ya M-Pesa na ratiba ya vipindi yenye jina lako ni ushahidi wa ajira. Sajili ya walimu inabaki ya TSC kwa wote.

18. Niko kwenye majaribio, au ni mwalimu wa mafunzo kazini (intern). Nina haki ya kusikilizwa?

Sheria ya Ajira iliandikwa kana kwamba aliye kwenye majaribio hana haki hiyo. Mwaka 2021 majaji 3 wa mahakama ya leba walisema kipengele hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo aliye kwenye majaribio naye asikilizwe.

Walimu wa mafunzo kazini wa sekondari ya chini wamepitia magumu zaidi. Walipewa mikataba ya muda na posho ndogo huku wakibeba vipindi sawa na wenzao. Aprili 2024 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini, na kufikia Januari 2025 zaidi ya walimu 40,000 wa kundi hilo waliingizwa kwenye ajira ya kudumu. Aliye kwenye mkataba wa namna hiyo leo na akaandikiwa barua ya kusitishwa, ajibu kwa maandishi kama mwajiriwa mwingine yeyote na aende KUPPET.

19. Mahakama ya jinai iliniachilia huru. TSC bado inaweza kunifuta?

Ndiyo. Jinai inataka ushahidi usioacha shaka ya maana. Nidhamu inatosheka na uwezekano mkubwa zaidi. Kesi hizo mbili huenda njia mbili, na Mahakama ya Rufaa imekwisha kusema hivyo. Hata hivyo hukumu ya kuachiliwa ni hati nzito. Iambatishe kwenye utetezi au kwenye ombi la mapitio, hasa kama hakimu alisema shahidi mkuu hakuaminika.

20. Mwalimu akishtakiwa kumdhulumu mwanafunzi kingono, huu utaratibu haumlindi mhalifu?

Wazazi huuliza hili kwa uchungu, na wana haki. Jibu linaanza na hatua za haraka ambazo haziondoi haki ya mtu. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka kila mwalimu mwenye habari au shaka ya dhuluma kuripoti ndani ya saa 24, na anayeficha hujitia kwenye kosa. Mshukiwa anaweza kuondolewa shuleni mara moja kwa intadiksheni wakati uchunguzi unaendelea. Polisi hawahitaji kuisubiri TSC: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhukumu mwalimu anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi kifungo cha miaka isiyopungua 10.

Kilichowaumiza watoto wa Kenya kwa miaka mingi ni kinyume cha utaratibu. Wazee walikaa chini, mbuzi akatolewa, mwalimu akahamishwa shule ya mbali, na shule ile haikuambiwa kitu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanafunzi wawili waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu. Iliiona TSC kuwa na wajibu kwa tendo la mwajiriwa wake, ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5, na Mahakama ya Rufaa ikaafiki uwajibikaji huo mwaka 2020. Hukumu ile ilikemea mtindo wa kuwahamisha wanaoshukiwa kutoka shule moja hadi nyingine.

Kikao kinachofanywa sawasawa ndicho kinachomwondoa mhalifu kwenye sajili asirudi tena. Kikao cha haraka, kisicho na taarifa za mashahidi wala kumbukumbu, humpa nafasi ya kushinda mahakamani kwa kosa la wengine. Chama kinachojali watoto kitadai kikao kizuri, na hakitatuma mtu kwa familia ya mtoto kuomba wamalizane nyumbani. Anayefanya hivyo aripotiwe, awe katibu wa tawi au mwalimu mkuu.

21. Niko Tanzania. Naweza kutumia ukurasa huu?

Maana ya kusikilizwa ni ile ile, ila taasisi na tarehe ni tofauti. Huko mwalimu wa umma yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya 2015, na kesi yake huanzia ngazi ya wilaya. Chama kikubwa ni Chama cha Walimu Tanzania (CWT). Mwalimu wa shule binafsi hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na kwa kuachishwa kazi isivyo haki muda ni siku 30 tu tangu kuachishwa. Mwalimu wa Tanzania aliyesoma hapa juu kuhusu miaka 3 asiihesabu hiyo miaka: siku ya 31 anahitaji kuombea kibali cha kuchelewa, na atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa.